Analipwa kwa Kuongea, Mwanawe Haongei: MC Huyu wa Mjini Alivyorudi Kolo kwa Baba Yake Askari wa Wanyamapori

Mjini Dar kuna MC mmoja wa kike ambaye sauti yake huwezi kuikosea. Jina lake libaki pembeni, maana mwenyewe hakuomba mambo ya nyumbani kwake yawe habari ya mjini. Ila kama umealikwa kwenye send-off au harusi mbili tatu za maana miaka hii, kuna uwezekano mkubwa mojawapo yeye ndiye aliyeshika maiki. Ana utani wa kuwainua mpaka wazee wa meza ya mbele. Akiposti klipu ya dakika moja, komenti zinajaa kabla chai haijapoa.

Sasa mwanamke huyu anayeishi kwa kuongea alikuwa na mtoto wa kiume, miaka miwili na miezi minane, ambaye haongei.

Yaani haongei kweli. Maneno yake yote yalikuwa manne: "mama", "tata", "apana", na "mmh" ambayo ndiyo ilifanya kazi zote zilizobaki. Watoto wa rika lake pale mtaani walishaanza kusengenya. Yeye alikuwa anavuta nguo ya mtu, analia, anatupa kitu, basi.

Siku aliyoposti klipu akicheza na dogo sebuleni, mtu mmoja akaandika: "Mama kamaliza maneno yote ya ukoo, mtoto afanyeje?" Komenti ikamwagiwa makopa na vicheko. Yeye mwenyewe aliijibu kwa emoji ya kucheka, kisha akaingia bafuni, akafungulia maji, akalia.

Kwenye kituo kimoja cha afya alishaambiwa watoto wa kiume huchelewa, asijipe presha. Mama mkwe alisema baba yake dogo naye alichelewa. Shoga yake akamtumia namba ya mzee anayekata kile kiuzi cha chini ya ulimi, "dakika mbili tu, mtoto anafunguka." Alishatenga hela na kupanga siku. Kilichomzuia ni simu ya baba yake kutoka Kolo.

"Usimkate mjukuu wangu," mzee alisema. "Mlete kwanza nimwone."

Ramadhani ilikuwa inaingia, harusi zimekatika. Akamfunga dogo mgongoni, wakapanda treni ya umeme hadi Dodoma, halafu basi la njia ya Kondoa na Babati. Njia nzima dogo alikuwa na simu mkononi anaangalia katuni za Kiingereza. Hakutazama dirishani hata mara moja.

Kuhesabu nyayo

Kolo ni kijiji cha barabarani, kaskazini ya mji wa Kondoa, chini ya milima ya Irangi. Wengi wanakijua kwa michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mzee wake MC hana habari na watalii. Yeye ni askari wa wanyamapori mstaafu, aliyekula miaka yake kwenye mapori ya akiba ya upande huo, Swagaswaga likiwemo.

Walipofika tu, mama mtu akaanza. "Shikamoo baba. Haya, mwambie babu shikamoo. Sema shi-ka-moo. Sema!"

Dogo akajificha nyuma ya gauni.

"Marahaba mwanangu. Muache," mzee akasema. "Mimi na yeye tumeshasalimiana."

"Saa ngapi, baba?"

"Ulipokuwa unashusha mabegi. Amekuja akaishika fimbo yangu, akanitazama usoni. Hiyo ndiyo salamu yake."

Bibi naye akadakia kutoka jikoni: "Mume wangu hana maneno mengi. Wanaume wa hivyo ndio wanaofaa." Watu wakacheka, ila mama wa dogo alicheka nusu.

Kesho yake mzee akatoa daftari. Akakaa kwenye kigoda chini ya mti na kumtazama mjukuu kama alivyokuwa akitazama wanyama enzi zake. Porini huwezi kusubiri mpaka umwone tembo ndipo ukubali kwamba yupo. Askari anahesabu nyayo, kinyesi, magome yaliyochunwa, nyasi zilizolaliwa. Siku nyingi za doria mnyama mwenyewe humwoni kabisa, lakini unajua amepita lini na alikuwa anaelekea wapi.

Jioni, wakisubiri adhana, akamsomea binti yake. Dogo amemvuta bibi kwa khanga mpaka kwenye mtungi: anataka maji. Ameleta kiatu na kukiweka mapajani pa babu: anataka kutoka. Amesukuma sahani: ameshiba. Amenyoosha kidole juu kwa ndege, halafu akageuka kumtazama babu: nawe umeona? Alama ishirini na tatu kwa siku moja.

"Wewe unahesabu maneno ndiyo maana unapata manne," akamwambia. "Mimi nimehesabu nyayo."

Ukimuuliza mtaalamu wa usemi na lugha wa watoto, atakuambia jambo hilo hilo kwa maneno ya darasani. Mtoto huanza kuwasiliana muda mrefu kabla ya neno la kwanza. Kuonyesha kidole, kumpa mtu kitu, kumtazama mtu kisha kitu kisha mtu tena, hiyo ndiyo mizizi. Kwa hiyo mtaalamu mzuri haanzi na "sema". Anaanza kwa kujua mtoto anasema nini tayari bila maneno, halafu anaweka neno juu ya ile alama. Dogo akileta kiatu, unamwambia "kiatu, twende nje," na mnatoka kweli. Siku moja neno litakuja kukaa mahali ambapo kiatu kilikuwa.

Somo la ndizi

Kuna historia ya huku kwetu ambayo mzee huyo anaipenda sana. Julai 1960 dada mmoja wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, alifika Gombe, Kigoma, kuwasoma sokwe. Miezi ya mwanzo sokwe walikuwa wakimwona tu, wanakimbia. Hakuwafukuzia. Alikaa juu ya kilima na darubini, mahali pale pale, siku baada ya siku, mpaka wakamzoea. Dume mmoja mwenye ndevu za mvi, aliyempa jina la David Greybeard, ndiye aliyetangulia kumruhusu asogee. Novemba mwaka huo huo akamwona dume huyo akitumbukiza unyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Sayansi ikalazimika kufikiri upya maana ya mnyama kutumia zana.

Hadithi hiyo inajulikana dunia nzima, na Goodall alipofariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91 ilisimuliwa tena kila kona. Sehemu inayosimuliwa kidogo ni ya ndizi. Baadaye kambini walianza kuwawekea sokwe ndizi ili waje karibu. Walikuja kweli, tena kwa wingi. Lakini na ugomvi ukaja nao, sokwe kwa sokwe na sokwe kwa nyani, hadi utaratibu huo ukabidi upunguzwe. Sokwe wa kwenye ndizi hakuwa tena yule sokwe wa msituni.

Mama wa dogo alinyamaza aliposikia hivyo, kwa sababu nyumbani kwake Dar ndizi zilikuwepo. "Sema pipi ndiyo nikupe." "Sema maji, bila hivyo hupati." Dogo alikuwa anatazama pipi, anatetemeka mdomo, analia, na mwisho anapewa ili anyamaze. Alichojifunza hapo ni kwamba kuongea ni mtihani, na kilio ndicho chenye nguvu.

Asubuhi moja kabla jua halijawa kali walipanda kwenye michoro ya Kolo. Kwenye mwamba kuna wanyama na watu warefu wembamba, wa rangi nyekundu ya udongo, waliochorwa na watu ambao majina yao hayajulikani. Dogo akasimama mbele ya twiga.

Mama mtu alishafungua mdomo: "Hii nini? Twiga! Sema twi..." Baba yake akamgusa bega. Mzee mwenyewe akasema neno moja tu, taratibu, "Twiga," akanyamaza.

Ikabidi ahesabu kimoyomoyo. Kwa mtu wa maiki, sekunde kumi za kimya ni kama saa zima. Ukumbini kimya cha hivyo ni jenereta limezima. Moja, mbili, tatu. Kwenye saba hivi, dogo akainua mkono juu ya kichwa chake, akaurefusha, akawageukia. Shingo ya twiga.

Hakusema kitu. Lakini kwa mara ya kwanza alikuwa amejibu bila kulia.

Wataalamu wa usemi hufundisha wazazi jambo hili hili: tazama, ngoja, sikiliza. Sema neno moja au mawili, kisha muachie mtoto nafasi. Punguza maswali ya mtihani. Badala ya "hii nini, hii rangi gani, hii ngapi", zungumza tu kuhusu kile anachokitazama. Mtoto anayechelewa anahitaji muda mrefu zaidi wa kupanga jibu. Mama anayejibu haraka kwa niaba yake anakuwa amemfungia mlango bila kujua.

Mwaka ng'ombe walipotolewa Irangi

Milima hii ya Irangi ukiiona leo na miti yake, huwezi kuamini ilivyokuwa. Miaka ya nyuma ardhi ilikuwa imechimbika makorongo ya kutisha. Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule ambao wenyeji wanauita HADO. Walipanda miti na kuchimba makinga maji, lakini mifugo iliendelea kula kila kilichochipua. Mwaka 1979 ukatoka uamuzi mgumu: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika zaidi, kama kilomita za mraba 1,256. Mifugo ipatayo 90,000 ikaondolewa.

Kilichofuata ndicho mzee anapenda kumwonyesha kila mgeni. Sehemu kubwa ya nyasi na vichaka haikupandwa na mtu. Vilirudi vyenyewe, kwa sababu mbegu na mizizi vilikuwepo chini muda wote vikisubiri kuachwa vipumue.

"Sasa huyu mjukuu wangu," akasema, "ng'ombe wake ni nini?"

Binti yake alijua jibu. Televisheni inayowashwa asubuhi na kuzimwa usiku. Simu wakati wa kula, simu kwenye gari, simu ili mama amalize kuongea na mteja. Dada wa kazi anayemletea kila kitu kabla hajaomba. Na yeye mwenyewe, anayezungumza kwa niaba ya kila mtu. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja kwenda chini, skrini haishauriwi kabisa; wa miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Dogo alikuwa anaimaliza saa hiyo kabla ya staftahi.

Simu ikafungiwa kabatini kwa bibi. Siku mbili za kwanza zilikuwa vita, dogo alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kama anaumwa. Siku ya tatu alishinda zizini na mbuzi.

Ila mzee hakuisimulia HADO kama ngano tamu. Watu waliumia. Familia zilikosa maziwa na mbolea, wengine ilibidi wahame na mifugo yao. Ni baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, ndipo ufugaji wa ndani wa zizi ulianza kuruhusiwa, ng'ombe wachache wanaoletewa majani. Hapo ndipo watu na milima walipoanza kupatana. Ndiyo maana hata mbuzi wa kwake wanakula bandani.

Kwa mzazi somo lake liko wazi. Amri ya siku moja ya "kuanzia leo hakuna simu hapa ndani" inaumiza na haidumu kama watu wa nyumba hawajapewa kitu cha kufanya badala yake. Simu nayo iwe na banda lake na saa zake. Na baba, bibi, dada wa kazi, wote wawe ndani ya mpango, kwa sababu mtaalamu anaonana na mtoto kwa saa moja. Saa nyingine zote ni zao.

Mnyama hageuzi masikio

Mpaka hapo ungedhani mzee ni wa kusema "subirini tu, ataongea." Bibi alikuwa wa upande huo. Mashangazi pia.

Lakini kwenye lile daftari kulikuwa na ukurasa mwingine. Mzee alikuwa amejaribu kitu siku nne mfululizo. Anapita nyuma ya dogo, anagonga kopo. Mara dogo anageuka, mara hageuki. Mbuzi mwenye kengele anapita nyuma yake, hageuki. Ukiongea naye uso kwa uso anaelewa, ukiongea kutoka mlangoni ni kama upepo.

"Mnyama akisikia kitu anageuza masikio," akamwambia binti yake usiku baada ya futari. "Huyu kuna wakati hageuzi. Mpeleke Dodoma akapimwe."

"Baba, si umesema tusimkimbize?"

"Nimesema usikimbize mnyama. Nikikuta mtego wa waya shingoni mwake, nisubiri nini?"

Usiku ule mwanamke hakulala. Alikuwa amekuja Kolo kupumzika na maneno ya "ana tatizo", na sasa baba yake mwenyewe ndiye anayasema. Asubuhi alitaka kuahirisha mpaka Idi. Bibi alimuunga mkono. Mzee alikuwa ameshavaa koti na kusimama barabarani anasubiri basi, dogo yuko mabegani.

Hospitalini Dodoma daktari wa masikio, pua na koo alikuta majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Hali hii ni ya kawaida sana kwa watoto wadogo. Mara nyingi haina maumivu, ndiyo maana haigunduliki. Mtoto anasikia kama aliyezamisha kichwa kwenye maji: sauti zipo, lakini hazina makali, na usikivu unabadilika siku hadi siku. Kwa wengi majimaji hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo daktari alipanga kumfuatilia na kumpima tena. Yasipokauka, yapo matibabu. Akautazama na ulimi. Ulimi ulikuwa mzima, unatoka nje, unapanda juu, hauna kosa lolote.

Hela ya kumkata ilikuwa bado iko kwenye simu yake, imetengwa. Hapo ndipo alipolia, mbele ya daktari, bila kufungulia maji.

Hebu fikiria kama angetangulia kule. Mtoto angekatwa mahali pasipo na tatizo, labda kwa wembe usiojulikana umetoka wapi, na hatari ya damu na maambukizi juu yake. Masikio yangebaki vile vile. Na wote wangekaa kusubiri afunguke.

Ndege anaitika mluzi wa kwao

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha bado ni wachache Afrika Mashariki. Yeye alibahatika kumpata mmoja wa Dar, wakaanza kwa simu ya video wakati bado yuko Kolo. Swali la kwanza alilouliza mtaalamu lilimshtua: "Nyumbani mnaongea lugha gani mkiwa mmefurahi?"

Kiukweli, Kiswahili. Na akiwa na mama yake, Kirangi. Lakini na dogo alikuwa anajilazimisha Kiingereza, kwa sababu shule ya awali aliyomwandikisha ni ya Kiingereza na mjini ndivyo watu wanavyofanya. Kiingereza chenyewe ni cha maneno mafupi ya amri: kam, sit, it. Hakuna utani hata mmoja ndani yake. Yaani MC mzima anamnyima mwanawe kile anachowauzia watu ukumbini.

Kuna ndege anayejulikana sana kwa warina asali, wengine humwita mlembe. Anaita watu, anawaongoza hadi kwenye mzinga wa nyuki, watu wanachukua asali, yeye anabaki na masega. Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, kaskazini ya Kondoa, humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mlio wa kutetemesha ulimi unaoishia na mguno. Utafiti uliotoka mwaka 2023 kwenye jarida la Science ulijaribu kubadilisha: ndege wa Tanzania akapigiwa mlio wa Kiyao, wa Msumbiji akapigiwa mluzi wa Kihadzabe. Ndege wa kwa Wahadzabe walielekea kuitikia mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa wageni. Wa Niassa nao waliitikia wa kwao karibu mara mbili zaidi.

Mtaalamu hakuzungumzia ndege, lakini alisema kitu cha jinsi hiyo. Mtoto kukua na lugha mbili au tatu hakuleti ucheleweshaji wa kuongea. Neno la Kirangi likihesabiwa, la Kiswahili lihesabiwe pia, yote ni yake. Mzazi aongee lugha inayomtoka kwa urahisi, yenye nyimbo, utani na mapenzi. Kiingereza kitakuja na shule.

Basi bibi akapewa uhuru kamili. Siku nzima ni Kirangi na dogo, na kila neno likija na uso wake: bibi anachuchumaa, anamtazama machoni, ndipo anaongea. Hiyo ya kuchuchumaa ilitoka kwa mtaalamu, kwa ajili ya yale masikio.

Neno la zizini

Neno lenyewe lilikuja mchana wa siku ya ishirini na kitu ya mfungo. Wakubwa wamelala, joto limekaza. Dogo amekaa mlangoni kwa banda na kipande chake cha mkate, beberu mmoja akapitisha kichwa kwenye fito na kuupora.

"Toka!"

Mama yake alikuwa kwenye mkeka, hatua tano. Akainuka. Dogo akarudia, mara hii amesimama, kidole kimenyooka, kama bibi anavyowafukuza kuku: "Toka! Toka, mbu!" "Mbu" ni mbuzi. Maneno mawili yamefuatana.

Simu ilikuwa kabatini. Hakuna klipu, hakuna ushahidi, na hajawahi kuiposti habari hiyo. Alimpa mkate mwingine, akakaa karibu yake. Beberu akarudi, akafukuzwa tena.

Hapa wengi wangependa kusikia kwamba tangu siku hiyo dogo anahutubia. Hapana. Leo ana miaka mitatu na nusu. Majimaji yalikauka sikio moja, la pili bado linafuatiliwa. Ana maneno kama themanini, ya Kiswahili na Kirangi yakichanganyika, na sentensi za maneno mawili matatu. Wenzake wa umri huo wanasimulia hadithi. Bado yuko nyuma, na mama yake sasa anaweza kulisema hilo bila kunong'ona. Mazoezi yanaendelea kila wiki. Lile daftari la babu lina mwenzake Dar, limening'inizwa jikoni, na dada wa kazi ndiye anayeandika zaidi ya wote.

Kwa mwenye mdogo wake, mtoto wake au mpwa wa aina hii, hizi ndizo dalili za kutokusubiri: mwaka mmoja umefika na hatoi sauti za "ba-ba, da-da" wala haonyeshi kidole, miezi 16 na hana hata neno moja, miaka miwili na haunganishi maneno mawili ya kwake, haitiki jina lake, au alikuwa na maneno kisha yakapotea, umri wowote. Kwanza kabisa masikio yapimwe. Kwenye kituo wakikuambia atakuja kuongea tu, omba kwa upole rufaa ya kipimo cha usikivu. Ni haki yake. Na wakati unasubiri tarehe, anza kuhesabu nyayo.

Mwenyewe harusi zinaendelea. Wiki chache zilizopita ukumbini alimuuliza bibi harusi swali, bibi harusi akababaika, akakosa la kusema. Zamani angemjibia hapo hapo na utani juu. Mara hii alinyamaza na maiki mkononi. Fundi mitambo akadhani maiki imekata, akaanza kukimbilia spika. Watu wakageukiana. Kwenye sekunde ya nane hivi, bibi harusi akaongea mwenyewe.